Sina PDF ndugu zangu: yaliyonikuta kwa kuposti vitabu nikiwa Dodoma

Tuanze na hili ili tusije kusumbuana huko mbele: sina PDF. Sina ya kitabu nilichoposti juzi, sina ya kile chenye jalada la njano, na wewe mdogo wangu unayeniandikia kila Jumatatu "da, nitupie basi hata Telegram", nakupenda lakini sina. Mtu yeyote anayeposti vitabu vya Kiswahili atakwambia komenti ya kwanza huwa sio "kinahusu nini" wala "kizuri?", ni "tuma PDF", tena wengine hata hiyo tuma hawaandiki, wanaweka PDF na alama ya kuuliza basi, wamemaliza, wanasubiri.

Mwanzoni nilikuwa naudhika, sa hivi wala, maana nimeshaelewa wanatokea wapi. Mi naishi Dodoma, huku Nkuhungu, na ukitaka riwaya huku ujipange. Maduka mengi yenye kibao cha vitabu ukiingia ni madaftari, kalamu, rula, vitabu vya kiada na mitihani iliyopita, pembeni kidogo Biblia na vitabu vya dua, ukiulizia riwaya muuzaji anakuangalia alafu anakuuliza ya kidato cha ngapi. Kwahiyo unaagiza Dar. Unamtafuta muuzaji wa kule Posta anayetandaza vitabu chini, anakutumia picha, unachagua, unamtumia hela kwa simu pamoja na ya kutolea, anakifunga kwenye karatasi ya kaki na selotepu ya kutosha, anakipeleka kwenye basi, kesho yake unaenda stendi kuu kule Nanenane, unalipia mzigo, unapanda bajaji kurudi, na ukikaa chini kupiga hesabu unakuta gharama za kukifuata kitabu zimekaribia bei ya kitabu chenyewe. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku Julai 2024 kidogo tunapumua, mtu akija asubuhi namwomba anibebee kwenye begi lake, ila nao wanachoka kubeba vya watu. Sasa mwambie habari hizo mwanafunzi wa UDOM, chuo kikuu cha huku, ambaye boom, ile hela ya mkopo, limekata na anakula ugali dagaa wa kuchangishana na wenzake chumbani. Ataomba PDF tu, na mi ningekuwa yeye ningeomba.

Ila aliyeandika naye anakula. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na hata sheria ukiiweka pembeni, hawa waandishi wetu wengi wapo hai, wengine namba zao tunazo, ukisambaza kitabu chake usiku asubuhi anakikuta kwenye grupu la ukoo wake mwenyewe. Kwahiyo nilichoamua mi ni kuazimisha. Kazi yangu ni masijala, kutunza mafaili ya ofisi, na masijala jalada halitoki bila kuandikwa limeenda kwa nani na tarehe ngapi, likichelewa unalifuata mezani kwa mtu. Nikachukua daftari la kawaida nikalichora mistari ileile, jina, namba ya simu, kitabu, kimetoka lini, kimerudi lini. Watu wanacheka lakini vitabu vinarudi. Kimoja kilirudi kinanuka vitunguu na kina doa la mafuta ukurasa wa katikati, aliyeazima ni mama ntilie wa sokoni Majengo, akaniambia, "Mwanangu nisamehe, nilifika pale binti anapotoroka nikasahau chapati kwenye moto." Nikamwambia mama hilo doa liache hapohapo, atakayeazima baada yako ajue pa kukaa mbali na jiko.

Nilianzaje kuposti? Upweke tu. Uamuzi wa makao makuu kuwa Dodoma ni wa mwaka 1973, sisi tuliukariri shuleni kama tulivyokariri vita vya Majimaji, hakuna aliyedhani utakuja kumgusa yeye, mpaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza serikali inahama na kweli ikahama, na watu wa masijala huwezi kuwaacha nyuma maana majalada yanahama na wenyewe. Nikaacha ndugu, kwaya, saluni yangu ya miaka yote, nikaja mji ambao sijui mtu. Wenyeji wakarimu jamani, sitaki kusema uongo, bibi mwenye nyumba alinipokea na "mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, na ugali wa uwele na mlenda kabla sijashusha hata godoro. Lakini ikifika usiku upepo unapiga bati, bando linaelekea mwisho, wenzako wa Dar wanaposti wapo Coco wanakula mihogo, we upo umekaa unaangalia ukuta. Nilikuwa na boksi moja la vitabu. Nikawa nasoma, nikikuta ukurasa umenishika napiga picha naweka stetasi, basi, bila mpango wowote.

Stetasi inaishinda Insta kwa kitu kimoja, wanaoiona ni watu wenye namba yako, yani watu unaojuana nao ila hamjuani. Kuna mhasibu ofisini, tulikuwa tunapishana koridoni "habari", "salama", imeisha hiyo, siku nimeweka ukurasa wa Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, akanijibu saa sita usiku na voisi ndefu anabishana kuhusu baba yake Rosa, anasema mwenye kesi pale ni Zakaria na fimbo zake, mi nasema hata waliompokea Rosa huko nje wana kesi, tumeendelea siku ile na kesho yake tukamalizia kwenye foleni ya chakula. Mama yangu mdogo yupo Singida, naye akaiona hiyohiyo, akaandika, "Hicho si walikipiga marufuku mashuleni, sisi tulikuwa tunakisoma kwa zamu kimevalishwa jalada la Jiografia." Na ni kweli, kitabu kilitoka 1971, kikazuiwa mashuleni, miaka ikapita kikaja kufundishwa hukohuko. Sasa mama mdogo nimekua naye, nimelala kwake likizo zote, sijawahi kumwona na riwaya mkononi hata siku moja! Januari 2020 Kezilahabi alipofariki yeye ndo alinipigia kunipa pole, anaongea taratibu kama anaongea na mfiwa, na mi nikapokea pole nikasema asante mama.

Raha ya hii kitu kwangu ipo hapo, na naisema mapema maana nikianza kulalamika huko chini mtadhani nimelazimishwa. Kuposti kitabu kunakuonyesha watu uliokuwa nao siku zote.

Kwenda Insta ulikuwa ushauri wa wenzangu, wakaniambia dada unajificha, fungua akaunti upate wafuasi. Wafuasi wakaja kweli, na presha zikaja nao gari moja.

Kuna presha ya picha. Kitabu peke yake hakina mvuto, kinatakiwa kikombe, ua, shuka jeupe lililokunjwa kama halikukunjwa, na mwanga wa dirishani. Dirisha langu linatazama mashariki kwahiyo mwanga mzuri unaingia asubuhi muda uleule ambao basi la watumishi la kwenda Mtumba, kwenye ofisi za serikali, halimngoji mtu. Basi unamkuta mtu mzima kasimama juu ya kitanda na gauni la ofisini, simu mkono wa kulia, mkono wa kushoto anapangusa jalada, na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane ukilipangusa haliondoki, linahamia kwenye kidole, kutoka kwenye kidole linahamia pembeni ya ukurasa linaacha mstari mwekundu, na chai yenyewe imeshapoa haijaguswa, ilikuwa ya picha. Siku moja nikaweka kishada cha zabibu pembeni ya kitabu nikasema hapa nimewamaliza, si ndo Dodoma yenyewe hii. Laiki zikamiminika. Alafu kijana mmoja wa Hombolo, kwao wakulima, akaandika, "Dada hizo ni za mvinyo na bado changa, unazila kweli au unazipiga picha tu?" Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka jirani akageuka. Komenti yake nikaibandika juu kabisa, na mpaka leo huyo kijana nikitaka kujua kama hadithi imeiva namuuliza yeye kwanza.

Alafu kuna hesabu, na kwa maoni yangu hii ndo mbaya kuliko zote. Kuna huu mtandao wa Goodreads, wa Marekani, ulianza 2007 na Amazon wakaununua 2013, kila Januari unaandika idadi ya vitabu unavyotaka kumaliza mwaka huo, wenyewe unakuhesabia, unakwambia umetangulia ratiba au umeachwa. Kwa wenzetu wenye maktaba mtaa wa pili sawa, huku mtu anayesubiri mzigo wa basi naye anaambiwa kaachwa na ratiba, ratiba ya nani? Na riwaya zetu nyingi ukizitafuta humo hata picha ya jalada hazina. Lakini tuliiga, tena kwa bidii. Januari ikifika kila mtu anatangaza namba yake, hamsini, themanini, mia, mwezi wa sita wanaanza kuonyesha marundo, na ukiwa na kitabu kimoja kinene unachokipenda unajiona mvivu. Vitabu vyembamba vikapata soko ghafla. Diwani ya mashairi, ambayo ukiisoma kiungwana inakula miezi, watu wanaimaliza kati ya Ihumwa na mjini. Kurudia kitabu ndo kabisa, nani arudie wakati kwenye hesabu hakiongezi kitu, wakati mi nijuavyo riwaya ukiisoma mara ya pili ndo unaanza kuona mwandishi alikuwa anafanya nini, mara ya kwanza ulikuwa unakimbizana na stori.

Na hesabu ina mtoto wake, huyu ni wa siri, hamumwoni mpaka akushike. Ukishazoea kuposti, macho yanaanza kuwinda nukuu. Unasoma mahali mama kafariki ndani ya hadithi, watoto wanagawana kanga zake, na badala ya kitu kukukaba kooni unajikuta unasema hapa pana mstari, hapa pana posti ya Jumapili. Sentensi nzuri inayosimama peke yake ndo inapata laiki, ile sura ya kurasa thelathini ambayo haina sentensi hata moja ya kubandika ila ukiimaliza hulali, hiyo haina mtu wa kuisemea. Nimeona waandishi wadogo wameshajua hili wanaandika riwaya nzima ya nukuu, kila mhusika anaongea kama kalenda ya ukutani, hata anayeomba maji.

Presha ya watu ni ndogo, naipita haraka. Shangazi aliwahi kuuliza kwenye grupu la familia "hivi huyu bado anasoma tu, si alishamaliza chuo?", na kiongozi mmoja kazini akiona stetasi saa za kazi anatupa neno "naona wenzetu mna nafasi", wakati mwenyewe kaiangalia saa za kazi hizohizo. Wapo na wa "anajifanya". Hao unawazoea kama unavyozoea upepo wa huku.

Kinachonichosha zaidi ni vitabu vya hamasa. Sivikatai, vimesaidia watu, ila mtandaoni vimekuwa ndo kusoma kwenyewe. Mtu anakaa mbele ya simu dakika moja anakwambia vitabu vitano vya kukutoa kwenye umaskini, vyote vya Kiingereza, vyote kavisoma muhtasari, na chini watu elfu wanaandika "asante kiongozi" na bila shaka "PDF". Mi nikiweka cha aina hiyo laiki zinapanda mpaka naogopa, hakuna anayebishana. Nikiweka riwaya ya Kiswahili laiki chache alafu chini watu wanabishana siku mbili. Sasa ukienda kwa namba utaacha riwaya, ukienda kwa mazungumzo utaacha hamasa, na kila mtu anayeposti vitabu siku moja lazima achague, hakuna cha kuchanganya, watu wa huku hawaendi kule.

Oktoba 2021 tuliona maajabu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kapewa Nobel ya Fasihi, na siku ileile kila akaunti ina picha yake, hongera mtu wetu, fahari yetu, na ukiuliza taratibu umesoma kipi, kimya. Siwalaumu, anaandika kwa Kiingereza na vitabu vyake madukani kwetu vilikuwa adimu kama mvua ya Septemba. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, riwaya yake ya Paradise iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, nikaagiza, na hapo ndo nikajua tofauti ya kushangilia na kusoma. Niliposti Peponi wakaja watu wachache, ila walikuja na Yusuf, mhusika mkuu, mkononi, wanaulizana kwanini mtoto anakabidhiwa kwa mfanyabiashara kulipia deni la baba yake wakati nyumbani alizoea kumwita Ami, mmoja akaleta habari za babu yake aliyebeba mizigo ya misafara kupita huku kwetu Ugogo, mwingine akambishia miaka haikutani, ikawa moto. Zile picha za hongera mi mwenyewe sijui zimeishia wapi.

Waandishi nao ni sura yake. Mnajua zile hadithi za WhatsApp na Facebook, sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure, inakatika mume anafungua mlango, ITAENDELEA, ukitaka zilizobaki lipia kwa simu uingizwe grupu. Watu wasomi wanazibeza, mi nazisoma na nalipia, mle ndani kuna vijana wana kipaji cha kukata sura mahali panapouma kuliko baadhi ya wenye vitabu vya kuchapwa. Na ni utaratibu wa zamani tu, magazeti yetu yalikuwa na hadithi za kuendelea na watu walikuwa wanasubiri toleo. Sasa ukishajulikana unaposti vitabu, wanakutumia. "Dada naomba nisomee hii, nipe maoni, usinionee aibu." Mmoja nikasoma yote, usiku kadhaa wa bando langu, nikamwambia mwanzo mzuri sana, katikati umemrudisha marehemu bila maelezo, na mwanamke wa hadithi yako kila sura analia tu hana kazi nyingine. Alichofanya akapiga skrinshoti akaibandika kwenye ukurasa wake, "hawa ndo maadui wa vipaji vya vijana". Wafuasi wake wakaja kunisalimia, salamu zenyewe mnazijua.

Maoni yangu kuhusu ile hadithi hayajabadilika, marehemu hana maelezo mpaka leo. Ila tangu hapo mtu akiniomba maoni namuuliza kwanza unataka kusomwa au unataka kusifiwa, na wengi, Mungu awabariki, wanajibu ukweli, "kusifiwa dada, nimechoka", namwambia sawa, namtafutia kilicho kizuri nakisema, kila kitu huwa na kizuri. Anayetaka kusomwa nampigia simu, siandiki. Kuna na wale wanaosema andika vizuri kuhusu kitabu changu nitakutumia ya soda. Hapo hapana. Nikishapokea ya soda mara moja, yule mhasibu wa koridoni hataniamini tena, na yeye ndo ninayeposti vitabu kwa ajili yake kuliko hao wengine wote.

Kilichonirudishia hamu ni voisi. Tulifungua kagrupu kadogo, sikukatangaza popote, watu walioanza kubishana kwenye komenti nikawavuta mmoja mmoja. Yupo mwalimu mstaafu wa Kongwa, yupo dada muuguzi wa Kondoa, kijana wa zabibu, mhasibu, mama ntilie wa Majengo ambaye anasikiliza tu mpaka achokozwe, na kaka wa bodaboda anayeegesha maeneo ya Area C, huyu anasoma akisubiri abiria, voisi zake zinaanza vizuri "kwa mtazamo wangu huyu mhusika..." alafu unasikia "Kisasa elfu mbili, panda dada", pikipiki inawaka, voisi inakatika, wote tunakaa tunasubiri afike Kisasa tujue mtazamo wake ni upi.

Macho ya mwalimu yamechoka, hasomi tena herufi ndogo. Ndo tukaanza kusomeana kwa sauti, kila mtu vipande vyake, na tulianza na Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu cha 1951, mwenyewe alifariki 1962, kwahiyo ile miaka 50 ya sheria mwenye kupiga hesabu apige. Kwa asiyekijua, kwenye nchi ya kubuni iliyoko hewani Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, anasimama mbele ya baraza anajitetea siku baada ya siku kwa habari za wajumbe sita waliotumwa nje na nchi yao, wakateseka, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Sikilizeni jinsi kilivyosomwa Dodoma, mji wa Bunge, na watu nusu yao wanafanya kazi serikalini. Mhasibu anasema Karama aliongea mno, angepewa dakika tano za kuchangia hoja angemalizia wapi. Bodaboda anasema hao wajumbe ni sisi, unatumwa mbali, unarudi unaambiwa nauli uliyosema siyo. Dada wa Kondoa kanyamaza muda mrefu alafu akatupa moja tu, "Hivi jamani wajumbe wote sita wanaume?" Grupu likalipuka. Mwalimu akaingia na sauti yake ya ubaoni, "Shikamooni zenu nimezipokea, sasa nisikilizeni", akatueleza kijana aangalie mwaka kitabu kilipotoka, nchi ilikuwa chini ya nani, mwandishi anaweza kusema nini wazi na nini akipeleke hewani kwenye nchi isiyokuwepo. Muuguzi akamjibu kwa heshima zote, "Marahaba yako mwalimu naomba uiweke akiba, hata hewani wanawake wapo." Mwalimu alicheka kwenye ile voisi mpaka akakohoa.

Hakuna aliyepiga picha ya kitabu siku ile. Hakuna aliyejua yuko ukurasa wa ngapi, maana nusu yetu tulikuwa tunasikiliza. Tulitumia wiki nyingi kwa kitabu chembamba kuliko vyote kwenye rafu yangu, na kwenye ile hesabu ya Januari kinaingia kama kimoja.

Akaunti ya Insta sijaifunga, msije mkasema. Naweka kitabu nikiwa nimekimaliza na nina la kusema, naandika bei niliyonunulia na pa kukipata ili mtu ajipange, hesabu ya laiki nimeificha, Insta wanaruhusu, na komenti za PDF nazijibu kwa daftari, ukiwa Dodoma njoo uazime, ukiwa mbali muulize mtu wa maktaba ya mkoa wako kabla hujaniuliza mi. Wengine wanakuja kweli. Mwezi uliopita alikuja binti wa chuo getini jioni na begi mgongoni, kaazima viwili, kasaini, kauliza kama naweza kumpa na kile kinene kilicho kitandani, nikamwambia hicho bado.

Hicho sijakiposti na sitakiposti. Nimegundua nahitaji kuwa na kimoja hivi kila wakati, kisicho na picha, kisichosubiriwa na mtu, nikirudia ukurasa narudia, nikikiacha wiki mbili hakuna anayeuliza dada vipi umefikia wapi. Mhasibu kanibana kwenye foleni ya chakula anataka jina lake. Nimemwambia akisubiri mpaka nikimalize nitamwazima, aandike kwenye daftari kama wengine.